Kununua meli ndogo ya kubeba ndege: ipi ya kwanza, ipi ya kuepuka

Jeshi la wanamaji likitafuta meli ndogo ya kubeba ndege, kosa kubwa hufanyika mapema kabisa: linachagua meli, kisha ndipo linauliza itabeba ndege gani. Anza na ndege. Ndiyo inayoamua urefu wa sitaha, upana wa lifti, ukubwa wa tangi la mafuta na aina ya bati litakaloungua chini yake. Meli hudumu miaka 30 na zaidi, lakini ndege zake zikikosa vipuri inabaki uwanja mtupu unaoelea.

Thailand ililipa ada ya somo hili. Chakri Naruebet iliundwa Ferrol, Uhispania, ikaingia kazini mwaka 1997: mita 182, tani zipatazo 11,500, omo, yaani sehemu ya mbele ya meli, limeinuliwa nyuzi 12 ili ndege iruke kwa mbio fupi. Meli ilikuwa mpya, ila ndege zake zilikuwa Matador, yaani Harrier (ndege za kivita zinazoruka kwa mbio fupi na kutua wima) za kizazi cha kwanza zilizokwisha kutumika na Wahispania. Mwaka huohuo msukosuko wa fedha ukaikumba Asia, vipuri vikawa adimu, na kufikia 2006 ndege zilistaafishwa. Tangu hapo meli inafanya kazi za helikopta na misaada ya maafa.

Pima kwanza

F-35B, ndege ya kivita ya Marekani inayoruka kwa mbio fupi na kutua wima, ina urefu wa mita 15.6 na upana wa mita 10.7, na mabawa yake hayakunjwi. Ikijaa hufika tani 27, karibu mara mbili ya Harrier ya mwisho iliyofika tani 14 na upana wa mita 9.25. Kwa hiyo lifti iliyokatwa kwa kipimo cha Harrier usiichukulie kuwa inatosha. Peleka futi kamba, kisha uliza uzito ambao lifti inainua ikiwa meli inayumba, si ikiwa gatini. Droni ya Kituruki TB3 ina mabawa ya mita 14, lakini yanakunjwa, na uzito wake ni kama tani moja na nusu tu. Hizo ni bajeti mbili tofauti kabisa.

Halafu kuna upepo. Ndege inapata nguvu ya kupaa kutokana na upepo wa kawaida pamoja na mwendo wa meli inayoelekea joshi, yaani upande upepo unakotoka. Meli ya noti 18, yaani maili za baharini 18 kwa saa, haina akiba. Katika Bahari ya Hindi, wakati wa tanga mbili, kati ya kusi na kaskazi, upepo unaweza kulala, na hapo ndege italazimika kupunguza mafuta au silaha ili ipae. Muuzaji akikupa uzito wa kupaa, muulize umepimwa kwa upepo wa noti ngapi juu ya sitaha na kwa joto gani la hewa. Jibu lililopimwa kwenye baridi ya Ulaya halitakufaa Mombasa wala Muscat.

1. Meli mpya ya kushushia wanajeshi yenye sitaha nzima

Hii ndiyo ya kwanza, na sababu yake ni rahisi: siku ambayo ndege hazipo, meli bado ina kazi. Ramani ya meli Juan Carlos I ya Uhispania (mwaka 2010, mita 231, tani zipatazo 26,000, noti 21) imekwisha kuuzwa Australia na Uturuki. Tezini, yaani nyuma, ina gati la ndani linaloingiza maji ili boti za kushushia magari zitoke, juu ina sitaha ya omo hadi tezi, na katikati kuna hospitali na maghala.

Usidanganywe na mwinuko wa omo. Meli za Australia, Canberra na Adelaide, zinao, kwa sababu kuuondoa kungelazimu kuchora meli upya, lakini haziendeshi ndege za kivita. Australia ilipolichunguza suala la F-35B iliachana nalo: bado ungetakiwa ulinzi wa sitaha dhidi ya joto, mafuta zaidi ya ndege, ghala la silaha na vyombo vya kuongozea ndege. Vitu hivyo viingie kwenye mkataba tangu mwanzo, au usahau ndege za kivita.

Kasoro ya kuangalia iko chini ya maji. Meli hizi zinasukumwa na vibweta vinavyozunguka, vyenye mota ya umeme ndani. Mwaka 2017 meli zote mbili za Australia zilisimamishwa kwa matatizo ya vibweta hivyo. Dai sampuli za mafuta ya kulainishia kila baada ya muda maalumu, sili za akiba, na uhakika wa chelezo (mahali meli inapotolewa majini ili itengenezwe) kinachoweza kuipokea meli yako. Kukodi chelezo cha nchi nyingine kwa dharura ni gharama isiyo na mwisho.

Uturuki iliagiza meli yake, Anadolu, kwa ajili ya F-35B, ikaondolewa kwenye mpango wa ndege hiyo mwaka 2019, ikageukia droni. Novemba 2024 TB3 iliruka na kutua juu yake. Sitaha kubwa ilimpa mnunuzi nafasi ya kubadili mawazo, na hilo lina thamani kuliko kipengele chochote kwenye kijitabu cha muuzaji.

2. Meli ya helikopta iliyotumika, ya injini za dizeli

Brazil ilinunua HMS Ocean ya Uingereza mwaka 2018 kwa takriban pauni milioni 84. Meli ilikuwa na miaka 20 ya kazi, tani 21,500, injini za dizeli ambazo fundi wa bandari yoyote anazielewa. Leo inaitwa Atlântico. Haina mwinuko, mwendo wake ni noti 18, na haikuundwa kuendesha ndege za kivita. Ikinunuliwa kwa helikopta, ni biashara nzuri kuliko zote kwenye orodha hii kwa kila shilingi.

Na helikopta si kitu kidogo. Wakazi wa Dar es Salaam wana ushahidi wao: tarehe 25 Januari 1964 helikopta kutoka HMS Centaur zilishusha makomandoo wa Kiingereza kambini Colito, Lugalo ya leo, na maasi ya wanajeshi yakazimwa. Ndani ya meli ya namna hiyo, kagua kutu kwenye matangi ya farumi (maji ya kuitulizia meli), minyororo ya lifti, na mabomba ya mafuta ya ndege. Ukikuta mabomba yamepakwa rangi mpya peke yake, yakwangue.

3. Kugeuza meli ya helikopta ambayo tayari ni yako

Japani ina Izumo na Kaga, mita 248 kila moja, tani zipatazo 27,000 zikijaa. Mwaka 2018 iliamua kuzigeuza zibebe F-35B. Kwa Kaga, omo lililokuwa limechongoka lilikatwa likafanywa mraba ili njia ya kurukia ifike mwisho ikiwa na upana kamili, na sitaha ikapakwa mipako ya kuhimili moto wa injini inayopuliza chini wakati wa kutua. Mwishoni mwa 2024 ilifanya majaribio na ndege zenyewe karibu na San Diego.

Kazi ya nje ndiyo rahisi. Ya ndani (maghala ya mabomu, mafuta, vyumba vya mafundi) hufuata katika awamu ya pili, na ndiyo inayorefusha muda. Kama meli yako haina urefu wa mita 200 wala lifti za kutosha, usianze.

4. Meli ndogo ya droni

Ureno iliagiza D. João II kutoka Damen mwaka 2023: mita 107, njia ya kurukia mita 94, bei ya takriban euro milioni 132. Kwa doria ya uvuvi haramu, uokoaji na utafiti wa bahari inafaa sana. Ukiambiwa itachukua nafasi ya ndege za kivita, kataa. Na uulize swali la kutua: droni inasimamishwaje bahari ikichafuka, kwa wavu, kwa kamba au kwa breki tu?

5. Kugeuza meli ya mizigo

Hapa ndipo wanunuzi wengi wanavutiwa, kwa kuwa meli ya makontena iliyotumika ni ya bei rahisi na sitaha yake ni ndefu. Historia inaonyesha inawezekana, ila kwa masharti.

Vita Kuu ya Pili ilikuwa na mifano bora. Waingereza walikuwa na meli 19 za nafaka na mafuta zilizowekewa sitaha ya ndege huku zikiendelea kubeba mizigo. Zile za nafaka zilibeba ndege 4 aina ya Swordfish, za mafuta 3. Kwa nini nafaka na mafuta? Kwa sababu hupakiwa kwa mabomba, hivyo hazihitaji milango mikubwa ya juu wala kreni. Marekani nayo iligeuza meli 4 za mafuta kuwa meli za kubeba ndege za kundi la Sangamon, na zikawa imara kuliko nyingi za aina yake: mwili mpana, mafuta tele kiasi cha kuzijaza manowari za kusindikiza.

Kinachoharibika ni mambo matatu. La kwanza ni mizani. Meli ya makontena imechorwa ibebe mzigo mrefu juu. Uondoe mzigo huo, uweke helikopta chache, na meli inakuwa ngumu kupita kiasi: ikilala, inarudi kwa mshtuko. Kukadiria, zidisha upana wa meli kwa 0.8, kisha gawa kwa kipeuo cha pili cha kimo cha metasenta, yaani kipimo cha nguvu ya meli kujiinua ikilala, ambacho mafundi hukiandika GM. Upana wa mita 30 na GM ya mita 4 unakupa sekunde 12 za kwenda na kurudi, na helikopta inatua bila shida. GM ikiwa mita 9 zinakuwa sekunde 8, na hapo meli inakwenda mrama kwa kasi inayokata kamba za kufungia ndege. RFA Argus ya Uingereza, iliyokuwa meli ya makontena, ililazimika kuongezewa jengo zito la juu na zege kwenye vifuniko vya ngama, yaani vyumba vya chini vya mizigo, ili itulie.

La pili ni mafuta ya ndege na silaha. HMS Dasher, iliyogeuzwa kutoka meli ya mizigo, ililipuka mwaka 1943 huko Clyde bila adui yeyote. Watu 379 walikufa, na mvuke wa petroli ndio uliolaumiwa. Mwaka huohuo topido moja iliwasha ghala la mabomu la Liscome Bay, meli ndogo ya kubeba ndege ya Marekani, ikazama kwa dakika 23 na watu 644. Ghala liwe mbali na ubavu, na kati yake na bahari kuwe na matangi ya maji.

La tatu ni moto. Atlantic Conveyor, meli ya mizigo ya Uingereza, iliandaliwa kwa takriban siku 10 kwa vita vya Falkland mwaka 1982, ikapigwa na makombora tarehe 25 Mei. Sitaha zake za magari zilikuwa wazi kutoka mwisho hadi mwisho, moto ukatembea bila kizuizi. Watu 12 walikufa, na helikopta nyingi zilizokuwa ndani yake ziliteketea, zikiwemo 3 kubwa aina ya Chinook. Bila kuta za kuzuia moto, pampu zilizogawanywa na jenereta mbili mbalimbali, hiyo ni meli ya kusafirishia ndege tu.

Iran imeonyesha njia mpya kwa Shahid Bagheri, meli ya makontena iliyoingia kazini Februari 2025 na njia ya kurukia ya mita 180 iliyoelekezwa kimshazari ili ikwepe jengo la zamani. Kwa droni inaeleweka. Kwa ndege yenye rubani, usiige.

6. Meli kubwa ya mvuke iliyotumika

Hii iwe ya mwisho, hata ukipewa bure. Brazil ilinunua Foch ya Ufaransa kwa dola milioni 12 mwaka 2000. Mwaka 2005 bomba la mvuke lilipasuka na kuua mabaharia, na meli ikakaa gatini miaka mingi. Ilipouzwa kama chuma chakavu, Uturuki iliikataa kwa sababu ya asbesto, ikavutwa kurudi, na tarehe 3 Februari 2023 ikazamishwa Atlantiki.

India iliichukua Admiral Gorshkov ya Urusi kwa mkataba wa 2004 wa dola milioni 974. Nyaya zilikuwa nyingi kuliko makadirio, bei ikafika dola bilioni 2.35, na meli ikakabidhiwa Novemba 2013, miaka 5 baada ya muda. Katika majaribio ya 2012 boila ziliharibika meli ilipokwenda kwa kasi kamili: India ilikataa asbesto, matofali ya kuzuia joto yakawekwa badala yake, hayakuhimili.

Ukishikilia kuinunua ya namna hii, weka sharti tatu kwenye karatasi kabla ya sahihi. Kila boila ifunguliwe na fundi wako aingie ndani. Meli iende kwa kasi kamili kwa saa nyingi mfululizo huku ukiwa ndani yake, na malipo makubwa yasubiri hapo. Na muuzaji aandike kiasi cha asbesto kilichomo, mahali kilipo, na nani atalipa siku ya kuivunja.