CA-125 au kipimo cha jeni za Lynch?

Vyote hutajwa kuhusu saratani ya mji wa mimba na hutumia damu, lakini havijibu swali moja. CA-125 ni protini inayoweza kupanda hata kwa faibroidi, hedhi au ujauzito, na saratani changa ya mji wa mimba inaweza kuiacha palepale. Kwa mwanamke asiye na dalili, sikipendekezi kabisa kipimo hiki.

Kipimo cha jeni hutafuta Lynch, yaani hitilafu ya kurithi kwenye jeni za MLH1, MSH2, MSH6, PMS2 au EPCAM inayoongeza hatari ya saratani. Hakionyeshi saratani iliyopo, bali hatari ya baadaye. Kinafaa hasa ukoo wenye saratani za utumbo mpana na mji wa mimba, tena zilizoanza kabla ya miaka 50. Hitilafu ikipatikana, dada na binti nao watajua pa kuanzia.

Ukitokwa damu baada ya hedhi kukoma, usisubiri chochote kati ya hivi: kapigwe ultrasaundi, uchukuliwe kinyama cha mji wa mimba kikapimwe.