Tathmini ya pampu ya mkono yenye kranki ya gia: dumu moja, sekunde 88

Baada ya maonyesho ya Nane Nane, kamati ya maji ya kijiji chetu iliniomba niipime pampu ya mkono ambayo bei yake ingemaliza karibu akiba yote ya mfuko wa maji. Badala ya mpini wa kupandisha na kushusha, pampu hiyo ina gurudumu la kuzungusha, na ndani ya kichwa chake mna gia ndogo inayobingirika ndani ya gia kubwa yenye kipenyo maradufu, ili ufito wa pampu upande na kushuka katika mstari ulionyooka kabisa. Karatasi ya matangazo inaahidi kwamba mtoto ataweza kujaza dumu la lita 20 kwa sekunde 30, na kwamba mtambo huo huo, ukifungwa kwenye injini mahali pa kranki ya kawaida, yaani mkono unaogeuza mwendo wa pistoni kuwa mzunguko, utaokoa asilimia 30 ya mafuta. Mfuko wa maji umejazwa kwa shilingi za kila dumu, nyingi zikiwa za akina mama wa hapa, kwa hiyo niliona ni wajibu wangu kuzichunguza ahadi hizo kabla hata ya kushika spana.

Ahadi ya kwanza inaanguka kwenye karatasi. Katika kisima chetu maji hukaa mita 20 chini wakati wa kupampu. Kuinua kilo 20 kwa mita 20 kunahitaji jouli 3,920 za kazi, hata kama pampu haina msuguano wowote na vali hazivuji hata tone. Ukizigawa kwa sekunde 30 unapata takriban wati 130. Mtu mzima mwenye afya huweza kutoa kama wati 75 kwa muda mrefu bila kuchoka vibaya, na kwa nguvu hiyo dumu haliwezi kujaa kabla ya sekunde 52. Mtoto hutoa pungufu ya hapo. Gia inaweza kufanya mkono usukume kwa wepesi zaidi, lakini itaudai mkono huo uende umbali mrefu zaidi, na hesabu ya jumla haibadiliki hata kidogo.

Hata hivyo nilitaka kuipima kwa haki. Tulikifunga kichwa kipya juu ya kisima kile kile, kwa silinda ile ile na fito zile zile za Afridev, pampu yetu ya zamani ya mpini, mwendo wa pistoni ukiwa karibu sawa, na watu wazima sita wakajaza dumu kwa zamu, kwanza kwa gurudumu na kisha kwa mpini wa zamani. Wastani wa gurudumu ulikuwa sekunde 88. Wastani wa mpini ulikuwa sekunde 79. Tofauti hiyo si kubwa, na sitaki kuikuza, kwa kuwa watu walikuwa wameuzoea mpini kwa miaka mingi. Lakini kama pampu ingekuwa na hata robo ya faida iliyotangazwa, ingeonekana kwenye saa tuliyopimia. Bibi mmoja aliyekuwa wa nne katika zamu aliniambia, “Mwanangu, linazunguka kwa ulaini, ila bega langu linajua kwamba maji ni yale yale.” Ulaini alioutaja ni wa kweli, na nitaurudia.

Ahadi ya injini inahitaji maelezo marefu kidogo, kwa sababu imejengwa juu ya kosa ambalo nimelisikia kwa mafundi wazuri kabisa. Wanasema kwamba pistoni inapofika juu kabisa, mkono wa kranki na ufito wake hulala katika mstari mmoja, msukumo wa gesi haupati pa kuzungushia, na kwa hiyo nishati inapotea. Gia, wanasema, huipa pistoni mkono wa kuzungushia tangu mwanzo. Sehemu ya kwanza ni sahihi. Hitimisho ndilo lisilo sahihi, kwa sababu mahali pale pale ambapo msukumo haupati mkono, pistoni nayo imesimama. Msukumo usio na mwendo haufanyi kazi, na kazi isiyofanyika haiwezi kupotea: ukuta hubeba paa mwaka mzima bila kutumia mafuta. Gesi iliyobanwa hubaki na nishati yake, ukiacha joto linalopita kwenye kuta za silinda, na huitoa pistoni inaposhuka. Tena mtambo unaoichelewesha pistoni pale juu huzidisha muda wa joto hilo kupotea. Injini kubwa za dizeli za meli, zenye kranki ya kawaida kabisa, hugeuza karibu nusu ya nishati ya mafuta kuwa kazi, jambo ambalo lisingewezekana kama kranki ingekuwa inamwaga asilimia 30 njiani.

Ni kweli kwamba kubadilisha mwendo wa pistoni kunaweza kuleta faida ya aina nyingine. Mwingereza James Atkinson alifanya hivyo katika miaka ya 1880, kwa mtambo wa mikono iliyounganishwa, ili gesi itanuke kwa umbali mrefu kuliko ule iliobanwa nao. Faida hiyo ilitoka katika kutanuka kwa gesi, na Toyota walipoitaka kwa ajili ya gari la Prius lililoanza kuuzwa mwaka 1997, waliipata kwa kuchelewesha kufunga vali, wakaiacha kranki ilivyo.

Muuzaji ananadi mtambo wake kama uvumbuzi mpya. Gia ya namna hiyo ilitumiwa na Matthew Murray wa Leeds, Uingereza, katika injini za mvuke mwanzoni mwa karne ya 19. Kabla yake James Watt, ambaye wati zetu zimepewa jina lake, alitumia gia ya jua na sayari, yaani gia moja inayoizunguka nyingine, lakini sababu yake ilikuwa ya kisheria: James Pickard alikuwa amepata hataza, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi, ya kranki mwaka 1780, na Watt akaikwepa kwa hataza yake ya mwaka 1781. Hataza ya Pickard ilipoisha mwaka 1794, watengenezaji walikuwa huru kurudi kwenye kranki, na walirudi. Sisemi kwamba gia zile zilikuwa mbovu. Injini ya Watt iliyofungwa mwaka 1785 katika kiwanda cha bia cha Whitbread, London, ilifanya kazi hadi mwaka 1887, na leo imehifadhiwa Sydney. Ilikuwa ndani ya jengo, ikiangaliwa na watu walioajiriwa kwa kazi hiyo.

Kisima chetu kiko nje, kwenye vumbi. Nilipokifungua kichwa baada ya wiki tatu, grisi ilikuwa tayari imechanganyika na mchanga laini, na meno ya gia ndogo yalikuwa yameanza kung'aa upande mmoja. Ukishika gurudumu na kulitikisa unasikia uwazi kati ya meno, na kila pistoni inapobadili mwelekeo meno hugongana. Kazi ya karakana yenyewe ni nzuri, nakiri: meno yamekatwa kwa usahihi na beringi ni za ubora. Lakini gia ndogo ikivunjika, atakayeitengeneza ni muuzaji peke yake, wakati Afridev, ambayo mchoro wake hauna mwenyewe na ambayo majaribio yake ya mapema yalifanyika Kwale, Kenya, na Malawi katika miaka ya 1980, hufunguliwa kwa spana moja, na mafundi wa kijiji hubadilisha mipira na vali zake bila kumwita mtu kutoka mjini. Hata mstari ulionyooka, ambao ndio sifa halisi ya gia hii, hausaidii kitu hapa, kwa kuwa ufito wetu huongozwa ndani ya bomba hata hivyo, na pistoni yenyewe iko mita nyingi chini yake.

Gia ina mahali pake. Katika pampu nyingi za upepo hupunguza mizunguko ya mapanga ili pistoni isiende kasi mno, na sijawahi kusikia mtengenezaji makini wa pampu hizo akidai kwamba gia inaongeza nishati ya upepo.

Ulaini ambao bibi aliusikia unatokana na uzito wa gurudumu, ambalo hubeba mwendo kupita sehemu ngumu ya mzunguko. Pampu ya Volanta, iliyotoka Uholanzi na kutumika sana Burkina Faso, huupata kwa gurudumu kubwa na kranki ya kawaida. Kwa hiyo niliishauri kamati isiinunue pampu hii kwa bei hiyo, na kamati ikakubali. Muuzaji, ambaye alinisikiliza kwa uungwana, aliuliza kama tungeipokea tena akiondoa gia, akaacha gurudumu na kuweka kranki iliyo ndani ya sanduku la oili. Nilimwambia ailete. Dumu ni lile lile, na maji yako mita 20 zile zile chini.