Linux Mint 22 kwenye kompyuta ya mezani ya zamani: tathmini ya mwalimu wa Kiswahili

Kompyuta yetu ya nyumbani ni Dell OptiPlex 7010, prosesa Core i5 ya kizazi cha tatu, RAM GB 4, diski ya kawaida ya GB 500. Tuliinunua Kariakoo ikiwa imeshatumika. Inawaka, inaandika, inachapa, wala haijawahi kutusumbua. Lakini Microsoft walisitisha huduma ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inadai chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0 pamoja na, kwa upande wa Intel, prosesa ya kizazi cha nane kwenda juu. Yetu ni ya miaka ya 2012. Sikuona sababu ya mashine nzima kuitwa chakavu kwa ajili ya hilo, wala sikutaka tena kumwita fundi aje kupiga window isiyo na leseni.

Kwa hiyo nimeweka Linux Mint 22, mfumo endeshi unaochukua nafasi ya Windows, toleo la Xfce, ambalo ndilo jepesi kati ya matoleo yake matatu. Linasema linahitaji RAM GB 2 tu. Kwangu, kompyuta ikishawaka na kabla sijafungua chochote, inakula karibu GB 1, na zilizobaki ni zangu. Ni bure kabisa, na masahihisho ya usalama yatakuja hadi mwaka 2029. Kiini chake, Linux, kilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds akiwa mwanafunzi Helsinki. Mint yenyewe imejengwa juu ya Ubuntu, mradi ulioanzishwa na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini.

Kuiweka si kazi ngumu. Unapakua faili lenye ukubwa wa karibu GB 3 (tafuta bando la usiku), unaliandika kwenye flashi kwa programu kama Rufus, kisha unawasha kompyuta kupitia flashi hiyo. Mint inafunguka ikiwa bado iko kwenye flashi, haijagusa diski yako. Hapo usiwe na haraka. Jaribu sauti, jaribu printa, jaribu intaneti, fungua nyaraka zako mbili tatu. Ukiridhika ndipo uisakinishe. Nakili kazi zako zote kwenye diski ya nje kwanza, kwa sababu ukichagua kufuta diski yote, imefutwa kweli. Na usisahau kuweka tiki pale inapouliza kuhusu kodeki (programu za kuchezesha) za video na muziki, mama mkwe asije akakosa video zake za kwaya.

Sasa niseme kilichonifanya niipende hasa: flashi.

Mwalimu akitunga mtihani nyumbani, huupeleka steshenari kwa flashi ukachapwe na kutolewa kopi. Flashi hiyo huchomekwa kwenye kompyuta iliyokwisha kupokea flashi za mtaa mzima, na inarudi na virusi. Mafolda yote yamegeuka shotikati, faili halionekani, na mtihani ni kesho saa mbili asubuhi. Kila mwalimu ninayemfahamu amewahi kupatwa na haya.

Virusi hivyo vimeandikwa kwa ajili ya Windows. Ukichomeka flashi kwenye Mint havifanyi kazi, vinabaki kuwa faili zilizolala tu. Tena kuna jambo ambalo wengi hawalijui: mara nyingi virusi vya shotikati havifuti kazi yako, vinaificha kwa alama ambayo Windows inaitii. Mint haiitii. Ukifungua flashi unayaona mafolda yako halisi pembeni ya takataka zilizoongezwa, au unakuta yamehamishiwa ndani ya folda moja lisilo na jina. Unanakili kazi yako, unafuta takataka, umemaliza. Walimu wenzangu sasa huniletea flashi zao nyumbani, na kazi nyingi zilizodhaniwa zimepotea tumezipata zikiwa nzima. Angalizo: Mint haimkingi mwenzako. Ukimnakilia faili lenye virusi, yeye mwenye Windows ataambukizwa. Ndiyo maana mimi nikienda steshenari napeleka PDF peke yake, ambayo LibreOffice, programu ya kuandikia nyaraka kama Word, inaitoa kwa kubofya kitufe kimoja, na mpangilio wa mtihani hauharibiki.

LibreOffice inakuja ndani ya Mint. Mitihani yangu ya Times New Roman inafunguka bila kuvuruga kurasa, kwa kuwa kuna fonti ya Liberation Serif yenye vipimo vilevile. Kwa Calibri na Cambria, weka Carlito na Caladea kutoka kwenye duka la programu, nazo ni bure. Majedwali makubwa yaliyoundwa kwenye Word wakati mwingine yanasogea, hasa yenye visanduku vilivyounganishwa, na inabidi uyakague kabla ya kuchapa.

Kilichonifurahisha zaidi kama mwalimu wa Kiswahili ni kamusi ya kukagua tahajia. Tafuta kifurushi kinachoitwa hunspell-sw, kisakinishe, kisha iambie LibreOffice kwamba andiko lako ni la Kiswahili. Mistari myekundu chini ya kila neno inaondoka, inabaki pale penye kasoro. Si kamilifu. Vitenzi virefu vyenye viambishi vingi inavipigia mstari hata vikiwa sahihi, nami huviongeza kimoja kimoja. Lakini kuandika insha nzima kwa lugha yangu bila ukurasa kujaa wekundu, hilo nimelipenda mno.

Umeme ukikatika ghafla katikati ya kazi, ukirudi kompyuta inawaka bila kulalamika na LibreOffice inakuuliza kama urejeshewe waraka uliokuwa unauandika. Mimi bado nabonyeza Ctrl na S kila aya.

Intaneti ndiyo ilinichosha kidogo. Kidude cha waifai cha kuchomeka USB tulichokuwa nacho hakikutambuliwa. Dawa ni kuunganisha simu ya Android kwa waya wa USB na kuwasha chaguo la kushiriki intaneti. Mint inaitambua papo hapo kama waya wa mtandao. Masahihisho nayo hayashuki yenyewe na kumaliza bando. Kuna alama ndogo chini ya skrini, unachagua lini ushushe na nini.

Wako ambao sitawashauri wahame. Anayetengeneza kadi za harusi kwa Publisher au picha kwa Photoshop abaki alipo, au aweke mifumo yote miwili kwenye diski moja, kwani Mint inaruhusu. Mwenye majedwali ya Excel yaliyojaa makro (amri zinazojiendesha) za kukokotoa alama asitegemee yatafanya kazi vilevile. Ya shuleni kwetu hayakufanya, na matokeo bado nayajaza kwenye kompyuta ya ofisi. Na mwenye printa aijaribu kabla. Za HP nyingi zinasaidiwa na programu ya HPLIP iliyomo tayari, ingawa baadhi ya leza ndogo zinahitaji nyongeza ishushwe mtandaoni.

Kwa nyumba yetu, ambamo mwanangu wa kidato cha tatu anasoma, mume wangu anasikiliza habari na mimi natunga mitihani, inatosha kabisa. RAM ya GB 4 inaelemewa pale mtoto anapofungua kurasa nyingi za Firefox huku YouTube ikiendelea, na diski ya kuzunguka inafanya kuwaka kuchukue muda. Fedha ambazo zingeenda kwenye kompyuta nyingine nitanunulia SSD, yaani diski ya kasi isiyozunguka, na kuongeza RAM ifike GB 8.