Balbu ya Kufunga Juu ya Cherehani: Tazama Mpepeso Kabla ya Bei

Ramadhani iliyopita nilinunua balbu tatu za LED katika duka moja hapa Lindi, nikazifunga juu ya cherehani ili niwahi kumaliza nguo za sikukuu. Usiku wa kwanza niliona gurudumu la cherehani kana kwamba limesimama, ilhali mguu wangu ulikuwa ukikanyaga na sindano ikishuka kwa kasi. Kichwa kiliniuma hadi wakati wa daku.

Kasoro hiyo ni mpepeso, yaani mwanga kuwaka na kufifia haraka mno kiasi kwamba jicho halioni, na wanunuzi wengi hawaiulizii. Umeme wa nyumbani huenda na kurudi mara 50 kwa sekunde, kwa hiyo nguvu yake hushuka hadi sifuri mara 100. LED hutoa mwanga elektroni zinapovuka mpaka wa tabaka mbili za nusu-kipitishi (maada inayopitisha umeme kwa kiasi tu), nayo huzimika mara tu umeme unapopungua. Ndiyo maana hutegemea saketi iliyofichwa kitakoni, hasa kapasita, kijisehemu kinachohifadhi umeme kwa muda mfupi, iusawazishe umeme huo. Mtengenezaji anayebana gharama huanza kubana hapo, mahali ambapo mnunuzi haoni.

Nikizipanga balbu za kushonea, ya kwanza kwangu ni LED ya Philips, na nasema wazi kwamba naipendelea: ndiyo niliyoifunga sasa, na gurudumu naliona likizunguka. Ya pili ni balbu ya zamani ya waya wa tangsteni, kwa sababu waya huo, unaofikia joto la nyuzi 2,500 hivi, haupati nafasi ya kupoa kati ya mapigo ya umeme. Lakini zaidi ya asilimia 90 ya umeme wake huishia kuwa joto, na Lindi ya Desemba haihitaji joto la nyongeza. Enaji seva, ambayo mvuke wake wa zebaki hutoa mionzi ya urujuanimno inayogeuzwa mwanga na unga uliopakwa ndani ya kioo, naiweka ya tatu, kwa kuwa ikivunjika zebaki hiyo hubaki chumbani. Za bei ya chee zisizo na jina sizipangi kabisa.

Kinachoniumiza zaidi ni wauzaji. Niliporudisha zile tatu niliambiwa kwamba mali ikishauzwa hairudi, ingawa boksi liliahidi maelfu ya saa. Kwa hiyo mwombe muuzaji aiwashe balbu mbele yako, uisogezee kamera ya simu, na ukiona mistari myeusi ikitambaa kwenye kioo cha simu, iache. Akikataa kuiwasha, nenda duka la pili.