Mashati meupe yasiyotaka pasi kwa mmisionari wa miezi 24

Mmisionari kijana wa kiume (huitwa "Mzee") wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho hufua mara moja kwa wiki, siku ya maandalizi, yaani siku ya kazi zake binafsi. Kwa hiyo mashati matano hayatoshi, beba manane.

Haya ya mchanganyiko, pamba 60 na poliesta 40, ndiyo yanayofaa. Pamba tupu ni baridi mwilini, ila inadai pasi kila asubuhi, na saa 12:30 si wakati wa kupigana na mikunjo. Yafue, usiyakamue, tundika kwenye henga yakichuruzika maji na kifungo cha juu kimefungwa. Yanakauka yamenyooka.

Udhaifu wao ni kola. Jasho na mafuta ya shingo hunasa kwenye poliesta, na wengi hukimbilia dawa ya klorini. Kosa kubwa! Klorini ikikutana na mabaki ya jasho huzidisha umanjano. Paka sabuni ya kipande kwenye kola kavu, acha dakika 20, ndipo uloweke.

Mfuko wa kifuani umeshonwa vizuri, hivyo kibao cha jina cha kuchomeka mfukoni kinakaa wima. Cha pini hutoboa matundu yasiyozibika. Mabegani, mikanda ya begi huotesha vipele vya nyuzi, na hapo hakuna dawa.

Ukijaribu dukani, funga tai: vidole viwili vipite kati ya kola na shingo. Kimoja tu? Chukua saizi ya juu.