TAHADHARI: Dalali wa nyumba za kupanga Tanga na Kilwa anayekusalimia "Mbukwa" ni TAPELI, msimtumie hata mia

Naandika nikiwa Tanga, chumba cha gesti huku Ngamiani, na bado nina hasira mpaka mikono inatetemeka. Sikutaka kuandika kabisa. Siku mbili nimekaa kimya kwa aibu, maana wengine mlinisindikiza mpaka stendi ya Nanenane hapo Dodoma alfajiri mkanibebea mabegi, na wifi yangu akanifungia zabibu kwenye boksi za kumpelekea mama mwenye nyumba. Mama mwenye nyumba hayupo jamani. Hajawahi kuwepo.

Mpango wangu mnaujua, nimewachosha nao tangu mwaka jana. Tanga, Pangani, Bagamoyo, halafu kusini Kilwa, Lindi, Mtwara mpaka Mikindani, kila mji nakaa miezi miwili mitatu taratibu, mahesabu ya watu nafanya kwa laptop. Nilikuwa nasubiri tu kuondoka. Na mpango kama huu hauendi kwa gesti, piga hesabu, gesti ya elfu 30 kwa usiku ni laki 9 kwa mwezi, wakati nyumba ya kupanga unapata kwa laki mbili na nusu, shida ni kwamba wenye nyumba wengi wanataka miezi sita kwa mkupuo, hata hapo kwetu Ilazo mnajua. Kwa hiyo nilivyoona tangazo la mtu mwenye nyumba zenye fenicha, unalipa mwezi kwa mwezi, Tanga na Kilwa, mimi ndo nilimtafuta. Hiyo ndo inaniuma, nilimtafuta mwenyewe.

Nilipomwambia natokea Dodoma akajibu kwa ujumbe wa sauti, "Mbukwa dada!" Akasema mama yake ni Mgogo wa Mpwapwa, akaulizia mvua, akaulizia kama mizabibu imebeba vizuri mwaka huu. Mtu anakusalimia kwa lugha ya bibi yako, wewe utafikiria nini? Na wala hakuwa na haraka, nataka mlielewe hili kwa sababu nimeshaanza kusikia "si ungejua tu". Alikaa wiki tatu bila kuniomba hela. Ye mwenyewe ndo aliniambia dada kuwa makini, madalali wa mtandaoni wengi matapeli, usitume hela kabla hujaongea na mwenye nyumba. Akatuma picha ya kitambulisho chake cha NIDA. Akatuma video ya nyumba, Raskazone, sebule ina feni, jiko la gesi, kibaraza chenye maua, ukitoka bahari haiko mbali. Halafu akaniunganisha na huyo "mama".

Sauti ya mtu mzima kabisa, Kiswahili cha Tanga kitamu, ananiita mwanangu. Na yeye ndo akaanza kunihoji MIMI. Unakaa na nani, unafanya kazi gani, unapika usiku, utanimwagilia maua yangu? Akasema hataki mpangaji wa fujo, kuna mtu kutoka Arusha anaitaka ila bado anafikiria. Nikajikuta najieleza kama niko kwenye usaili wa kazi, nataka anikubali. Alivyosema "haya mwanangu, nimekupenda, njoo" nilifurahi nikampigia wifi saa hiyo hiyo.

Jioni ya Alhamisi ndo nilituma. Nakumbuka kila kitu. Nilikuwa nimekaa kitandani, umeme umekatika, simu ina asilimia 14, dogo anapiga makelele huko nje. Mahesabu yalikuwa hivi: Tanga miezi miwili 500,000, ya dhamana 250,000, Kilwa Masoko mwezi mmoja wa kushikilia chumba 180,000, udalali nusu 125,000. Jumla 1,055,000. Nikaingiza namba, nikaingiza kiasi, kabla ya kuweka namba ya siri jina likatokea. La mwanamke. Si jina la kwenye kitambulisho, si jina la mama. Nikasimama. Wallahi nilisimama, kidole kiko juu ya simu. Nikampigia, akapokea mlio wa kwanza tu, katulia kabisa, "aah hiyo laini ya mke wangu dada, yangu leo imefika kikomo cha kupokea, kama una wasiwasi acha tu mpaka kesho, ila mama kesho anaenda Muheza msibani." Hakunilazimisha. Aliniambia niache! Nikaweka namba ya siri.

Sijui nimeirudia mara ngapi hiyo dakika kichwani.

Jumatatu nikapanda basi saa kumi na mbili. Morogoro, Chalinze, Segera, njia nzima ananiuliza umefika wapi dada. Nilivyomwambia tuko Muheza akaniambia nisiache kununua machungwa ya hapo, mama anayapenda. Nikanunua. Tukaingia stendi ya Kange jioni, nikampigia, simu imezimwa. Nikasema chaji imeisha. Nikachukua bajaji mpaka Raskazone na ile picha ya geti mkononi, na geti tukalikuta, lile lile, maua yale yale. Nikagonga. Mlinzi akaniangalia mimi, akaangalia mabegi, akaangalia boksi la zabibu na mfuko wa machungwa, akasema taratibu, "Dada pole. Wewe ni wa tatu."

Wanaishi watu na familia yao mle, na nyumba haijawahi kupangishwa. Baba mwenye nyumba alitoka akanipa kiti na maji, anasema waliwahi kuipiga video walipotaka kuiuza, haikuuzika, nadhani hizo ndo picha zinazotembea. Watoto wake wanachungulia dirishani. Nililia pale getini mbele ya watu nisiowajua, giza linaingia, sina pa kulala. Zabibu niliwaachia wao.

Huyu mtu afungwe. Sitaki arudishe hela tu halafu aachiwe, AFUNGWE, na huyo mwanamke mwenye laini afungwe, na huyo bibi anayeita watu mwanangu ndo afungwe wa kwanza kabisa, mtu mzima anatumia umri wake kuibia watoto wa wenzake! Laini zote zimesajiliwa kwa alama za vidole, jina lilitokea kwenye simu yangu, kwa hiyo anajulikana ni nani na picha yake ipo. Sheria ya Makosa ya Mtandao ipo tangu 2015, itumike basi. Nimechukua RB (namba ya kesi) polisi, na namba zake zote tatu nimeziripoti kwenda 15040, ile namba ya kuripoti matapeli wa simu.

Mnaoniuliza dalili, sijui nianzie wapi, jina ndo kubwa, likitofautiana acha hapo hapo hata akuambie nini. Nilimwomba video ya moja kwa moja mchana atoke nje ya geti nione mtaa, mara mtandao, mara yuko Pangani. Sikumwomba jina la mwenyekiti wa mtaa, na ningepiga simu moja tu serikali ya mtaa ningejua. Halafu kuna hili la Kilwa, nilimuuliza barabara ya kusini pale Somanga vipi siku hizi, akasema barabara hiyo haijawahi kusumbua. Haijawahi! Wakati Mei 2024 baada ya kile kimbunga Hidaya ilikatika pale na mabasi ya Lindi na Mtwara yakakwama siku kadhaa, nchi nzima tuliona. Mtu mwenye nyumba Kilwa hawezi kutolijua hilo. Nililisikia jibu lake, nikaliacha lipite.

Dodoma sirudi kwa sasa, msinipigie kunibembeleza. Mke wa yule mlinzi ananitafutia chumba Chumbageni, nitakiona kwa macho na mwenye nyumba nitamlipa mkononi mbele ya mjumbe. Wa pili aliyetapeliwa ni dada wa Morogoro, nimempata, kesho asubuhi tunaenda wote kituoni.

Kama kuna mtu yuko kwenye mazungumzo na huyu sasa hivi na hajatuma, anipigie, hata iwe saa nane usiku. Nitapokea.