Java kaunta na stoo: seva raha mustarehe, klaienti ndo shughuli

Mimi Java, hii lugha ya kuandikia programu za kompyuta, naitumia mwaka wa sita sasa kwenye programu ya mauzo niliyoiandika mwenyewe kwa ajili ya duka la vifaa vya ujenzi la shemeji yangu, kwahiyo siongei kama mtu aliyeonja tu. Kaunta kuna kompyuta mbili za Windows (hizo ndo klaienti, zinazoomba data kwa seva), moja kikongwe ramu giga 2, na stoo kuna seva ya Linux inayoshika bei na hesabu ya mzigo.

Kilichonivuta ni lile neno la Sun Microsystems, waliotengeneza Java, la tangu 1995, kwamba ukiandika mara moja inakimbia popote. Na kiukweli ipo hivyo, maana ukikompaili, yani ukiigeuza kodi uliyoandika, haitoki lugha ya prosesa fulani, inatoka baitikodi, lugha ya kati, unaifunga kwenye jar moja, yani faili lenye programu nzima, halafu kila mashine ina JVM yake, mkalimani wa Java, inayoigeuza ile baitikodi kuwa lugha ya chipu yake hapohapo programu ikiwa inakimbia. Mwaka juzi umeme ulikatika ukarudi kwa hasira ukaunguza pawasaplai ya seva, nikachomeka Raspberry Pi, kale kakompyuta kadogo niliyokuwa nachezea nyumbani, prosesa ya ARM, ukoo mwingine kabisa, nikaweka Java nikakopi jar ileile ikaamka. Sikugusa hata mstari mmoja na mauzo yaliendelea siku hiyohiyo. Hapo niliipa nyota zote.

Sasa njoo kaunta. Jumamosi moja nilipeleka toleo jipya kwenye flashi nikaondoka zangu, sijafika stendi shemeji anapiga, "shem rudi, watu wamejaa hapa na mashine inaniletea kizungu." Kucheki ni UnsupportedClassVersionError, 61.0 na 52.0. Maana yake mimi nimekompaili kwa Java 17 wakati kaunta bado wako Java 8, JVM ya zamani haisomi baitikodi mpya, ya mpya inasoma ya zamani. Dawa ni kukompaili na --release 8, kitu cha sekunde tatu, ila siku ile risiti ziliandikwa kwa mkono mpaka saa kumi.

Iliyonitesa zaidi lakini ni nusu. Yani ile alama ya ½! Bomba inchi ½, elbo inchi ½, soketi inchi ½, nusu ya duka ndo hiyo, na kaunta ilikuwa inatuma orodha kama faili la maandishi, kufika kwenye seva kila ½ imegeuka kialmasi cheusi chenye alama ya kuuliza ndani, na nikijaribu kwenye laptopu yangu ya Windows haionekani shida yoyote. Siku mbili nahangaika na databesi bure, kumbe Java za kabla ya 18 usipoitajia mpangilio wa herufi (namna herufi zinavyoandikwa kwa namba) inachukua wa mfumo ilioukuta, Windows yetu ikawa inaandika cp1252 na Linux inasoma UTF-8, mipangilio miwili tofauti. Nikaandika UTF-8 kwa mkono kila sehemu inayofungua faili, bomba zikarudi.

Jingine ni kusambaza toleo jipya. Zamani kulikuwa na Web Start, klaienti inajishushia programu yenyewe kutoka kwenye seva, Oracle, wenye Java sasa, wakaiondoa kwenye Java 11 mwaka 2018. Wanasema tumia jpackage, zana ya kufungasha programu, sawa, inabeba na JVM ndani, ila unatengeneza kifurushi cha Windows peke yake na cha Linux peke yake, sasa hilo "popote" liko wapi jamani? Nikaandika kakipande kangu, kaunta ikiwaka inaiuliza seva "una jar mpya?" ikiwepo inaivuta.

Kwa seva nyota tano, kwa kaunta tatu. Kile kikongwe nimekibana na -Xmx256m, yani programu isihifadhi vitu vyake zaidi ya mega 256 kwenye ramu, kinachukua muda wa kumkaribisha mteja na kumuulizia hali za nyumbani ndo dirisha lifunguke, lakini kikishaamka kinauza mpaka jioni.